Kompyuta Haifundishwi kwa Chaki

Wazazi wenzangu wa Mbagala, Tandika, Tegeta na Bunju, tuache kujidanganya. Mtoto kufungua simu ya baba yake na kutafuta katuni si kuijua kompyuta. Mwambie huyohuyo aandike barua ya nusu ukurasa, aihifadhi, na kesho yake aitafute. Hapo utaujua ukweli.

Sisi wakubwa tuna udhuru. Mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, na katazo hilo likaja kulegezwa taratibu hadi miaka ya 1990. Wengi tulimaliza shule bila kuigusa. Mtoto wa leo ana udhuru gani, ilhali kwenye vituo vya daladala hakukosekani duka la stesheneri lenye mashine mbili tatu?

Yapo madarasa ambako mtoto hukariri ubaoni kwamba kompyuta hupokea taarifa, huzichakata na kutoa majibu. Anapata alama zote, na kitufe hajawahi kukibonyeza. Mketisheni mbele ya mashine ya mezani. Aandike jina lake, kisha umeme ukatike, nao huku kwetu haungoji kuombwa. Ukirudi, jina halipo. Hapo sasa mwelezeni: ulichoandika kilikuwa kwenye kumbukumbu ya muda, ambayo hufutika umeme ukizimika; ungehifadhi, kingeandikwa kwenye diski na kubaki. Somo hilo hatalisahau. Kisha ajifunze kuliita faili jina linaloeleweka, kulipanga kwenye folda, kuchapa kwa vidole vyote badala ya kudonoadonoa kama kuku, na kutompa mtu nywila yake, hata awe rafiki wa chanda na pete.

Nafasi tunayo. Darasa la saba humaliza mtihani Septemba, na kidato cha kwanza huanza Januari. Miezi hiyo tunawalipia masomo ya ziada ya Kiingereza na hesabu, na si vibaya. Ila saa mbili za kompyuta kwa wiki zinatushinda, na hela ya bando haitupigi chenga! Asubuhi mwenye stesheneri huwa hajabanwa na wateja. Zungumza naye, mpatane bei, watoto wanne wa mtaa mmoja watumie mashine kwa zamu. Habari ya cheti usianze nayo. Kaa pembeni uangalie mkono ulioshika mausi ni wa mwanao, au ni wa mwalimu.