Chini ya Rangi



Majuma mawili yaliyopita, baada ya sala ya Alasiri, alitujia mama mmoja wa mtaani kwetu na lalamiko. Mwanawe wa miaka 19 ana miezi 7 gerejini akijifunza kupaka magari rangi, na hadi leo hajakabidhiwa bomba la kupulizia. "Maalim," akatwambia, "nilimpeleka akasomee ufundi, wao wamemfanya wa kupiga msasa tu. Kila jioni hunirudia mweupe kama aliyetoka katika gunia la unga. Nataka nimtoe, akakae dukani kwa mjomba wake." Tulimwomba asikate shauri kabla ya kuona kwa macho. Kesho yake tukafuatana naye hadi gerejini.

Tulimkuta kijana ameinamia mlango wa gari ulioliwa na kutu upande wa chini. Sisi watu wa pwani twaijua kutu: upepo wa bahari hubeba chumvi, na chumvi haina urafiki na chuma. Fundi wake alitupokea kwa heshima, akatueleza kazi ile hatua kwa hatua.

Mlango huoshwa kwanza kwa maji na sabuni, kisha hufutwa mafuta kwa tina na kitambaa safi. Hayo hutangulia msasa, kwani mafuta yakisuguliwa huzama ndani ya mikwaruzo, na rangi haishiki. Penye kutu hupigwa msasa mkavu namba 80 mpaka bati ling'ae. Kutu ikiachwa hata kidogo, hutambaa chini ya rangi. Kingo za rangi ya zamani hulainishwa kwa namba 180 ziwe mteremko, zisiwe ngazi. Penye bonde hujazwa puti, nayo ikikauka husuguliwa kwa msasa uliozungushiwa kibao, maana vidole vitupu huchimba mifereji. Puti haisuguliwi kwa maji: huyanywa, na maji hayo yakifungiwa ndani huzaa kutu na malengelenge. Kisha hupulizwa praima, na juu yake ukungu mwembamba wa rangi nyeusi. Hapo msasa namba 400 hupita, na weusi unapobaki ndipo palipo na bonde. Wala namba hazirukwi, kwa kuwa mikwaruzo ya 80 haifutwi na 400.

"Fumba macho, Maalim, upapase," fundi akatwambia. Tukapapasa, tukasema pako sawa. Kijana akapitisha kiganja juu ya kitambaa, polepole, akasita chini ya kitasa. "Hapa, fundi." Pakapulizwa weusi, pakapigwa msasa, likabaki doa dogo mfano wa sarafu ya shilingi. Mama akamtazama mwanawe, asiseme neno. Fundi akasema: "Bomba nitampa, mama. Lakini asiye na mkono huu, bomba litamuumbua. Rangi inayong'aa haifichi kitu."

Wazee wetu maseremala walisugua mbao kwa jani kavu la mti wa msasa, na karatasi hii imerithi jina la mti huo. Kazi ya kusugua si ya utwana. Mtume wetu (s.a.w.) alipopita sokoni alitia mkono katika rundo la nafaka, vidole vikakuta unyevu chini yake, akamkemea muuzaji kwa kuwaficha watu. Gari lililopakwa rangi juu ya kutu ni rundo lile lile. Mnunuzi hufurahi leo, na baada ya masika moja au mawili rangi humvimbia. Kijana anayeisaka kutu mpaka mwisho wake anafunzwa uaminifu kwa mikono yake.

Lakini mama naye alikuwa na haki yake, na hatukuondoka bila ya kuisema. Kijana alikuwa akikohoa, na usoni amefunga leso tu. Leso haizuii vumbi laini la puti, na rangi kuukuu huenda ikawa na risasi ndani yake. Yataka barakoa ya vumbi inayobana vyema puani na mashavuni. Na siku atakapokabidhiwa bomba, hiyo nayo haitamtosha: rangi zinazochanganywa na dawa ya kukaushia huwa na kemikali iitwayo isosianeti, iwezayo kumtia mtu pumu ya maisha. Mpulizaji huhitaji barakoa inayoletewa hewa safi kwa mpira. Fundi alitaja gharama. Tukamjibu kwamba mwana wa watu ni amana, na mapafu hayana puti. Akainamisha kichwa, akaahidi mbele ya mama kuanza na barakoa ya vumbi siku iliyofuata.

Enyi mama zetu, nanyi mna sehemu yenu. Mwenye kazi hii avue nguo mlangoni, zisikung'utwe ndani, zifuliwe mbali na za watoto. Naye aoge kabla ya kumpakata mdogo wake. Na mkimpeleka mwana ufundini, msiulize tu ni lini atashika bomba. Ulizeni pia avaa nini usoni.

Jumatatu tulipita tena gerejini. Kijana yupo, na barakoa anayo. Mlango ule ulikuwa bado haujapakwa rangi, na fundi hakuwa na haraka.

Wabillahi tawfiq.