Kicheko si mbinu ya kufundishia matamshi

Majuzi nilikuwa Luanda Kotieno nikisubiri feri ya kuvukia Mbita. Kando yangu aliketi mtoto wa shule, ambaye ndiyo kwanza anaanza Kiingereza, akisoma kitabu chake kwa sauti. Alipolifikia neno "fish" akatamka "fis". Watu wazima waliokuwapo wakaangua kicheko. Mtoto akakifunika kitabu, na hadi feri ilipowasili hakusoma tena hata neno moja.

Kicheko hicho si kigeni nchini Kenya. Tumekisikia katika vichekesho na hata katika majukwaa ya siasa. Nami, kama mwanaisimu, sina budi kuuliza: mtoto yule alikosa nini hasa?

Alikosa sauti tu. Kijaluo hakina "sh", "z" wala "v". Ndiyo maana hata meza ilipoingia katika lugha hiyo iligeuka "mesa". Huo si uzembe wala upungufu wa akili, kwani kila mtu huipokea lugha ngeni kwa sikio la lugha ya mama. Mswahili mwenye irabu tano naye hutatizika kutofautisha "ship", yaani meli, na "sheep", yaani kondoo.

Na hapo ndipo Mjaluo anapomzidi. Lugha yake huandikwa kwa herufi tano za irabu, lakini wataalamu wengi huhesabu humo irabu tisa zinazobainisha maana. Neno "kech" laweza kuwa njaa au kitu kichungu, kutegemea matamshi. Aidha, sauti ya "dh", inayowatesa Wafaransa na Wajerumani wanaojifunza Kiingereza, ina jirani yake wa karibu katika jina lenyewe la lugha yake: Dholuo.

Basi mwalimu na aanzie hapo. Mtoto atamke "s", kisha aurudishe ulimi nyuma kidogo na kuichongoa midomo, atapata "sh". Atamke "s" tena huku koo likitetemeka, atapata "z". Tangu ripoti ya Kamati ya Gachathi ya mwaka 1976, lugha ya eneo imependekezwa kutumika kufundishia katika madarasa matatu ya kwanza. Kwa nini tuione kuwa kikwazo, ilhali ndiyo ngazi yenyewe?

Kuna jambo jingine. Katika mtihani wa KCSE, stadi za kuzungumza zina alama 30 kati ya 60 za karatasi ya kwanza ya Kiingereza, nazo hujibiwa kwa kalamu. Mwanafunzi aweza kuzipata zote bila kufungua kinywa. Kwa hiyo, darasa ndilo uwanja wake wa kukizoeza kinywa hicho. Tukikifunga kwa kicheko asubuhi, nani atakayekifungua jioni?

Enyi walimu, sahihisheni sauti, msimwaibishe mtoto. Nanyi wanafunzi, mwenzenu akikosea, msikilizeni hadi mwisho.