Tabibu wa Mbali Si Nusu Tabibu

Imekita miongoni mwetu itikadi ya kwamba tabibu asiyekushika mkono akapima mapigo yako si tabibu kamili, na kwamba mgonjwa aliyezibuliwa mishipa ya moyo, akisharejea kwake, hana la kufanya ila kungoja siku ya kliniki. Itikadi hii ni batili, nami madhara yake nimeyaona kwa macho.

Mjomba wangu wa Pangani alitiwa stenti, kijibomba cha kuuacha wazi mshipa wa moyo, katika hospitali moja ya mjini, akarudi nyumbani na mfuko wa dawa pamoja na kadi ya miadi ya baada ya miezi mitatu. Juma la tano, asubuhi akipiga mswaki, aliona damu kwenye fizi. Akaingiwa na hofu, akaziweka klopidogreli zake nyuma ya kopo la majani ya chai, akinuia kumwuliza daktari siku ya miadi, kwa kuwa nambari ya kumwuliza mtu kabla ya siku hiyo hakupewa. Mkazamjomba alikuja kuzigundua zile dawa tulipokuwa tumekwisha kumkimbiza mgonjwa hospitali, mshipa uleule umeziba tena. Aliokoka, alhamdulillahi, lakini ngazi za msikitini hazipandi tena bila kupumzika.

Na swali lake lilikuwa la dakika mbili. Stenti ni kitu kigeni mwilini, na mpaka utando wa ndani wa mshipa uifunike, damu huelekea kuganda juu yake; ndiyo sababu aspirini huambatanishwa na dawa ya pili, kama hiyo klopidogreli, aghalabu kwa miezi 6, na kwa aliyepatwa na shambulio la moyo, miezi 12. Damu kidogo ya fizi ni ya kuarifiwa, wala si ya kumfanya mtu aache dawa kwa shauri lake mwenyewe.

Wadaio kwamba tiba ya masafa ni bidaa ya zama za intaneti wakumbuke kuwa Willem Einthoven wa Uholanzi, mwaka 1905, alipokea kwa waya wa simu michoro ya umeme wa moyo ya wagonjwa waliolala hospitalini Leiden, ilhali yeye yu katika maabara yake, kiasi cha kilometa moja na nusu. Na wadaio kwamba yahitaji mitambo ya matajiri watazame Sydney, ambako wagonjwa 710 wa mishipa ya moyo waligawanywa kwa kura, nusu yao wakapelekewa ujumbe mfupi wa maandishi mara nne kwa juma kwa miezi 6. Matokeo yaliyochapishwa 2015 yalionyesha kuwa waliobaki wakivuta sigara miongoni mwao ni asilimia 26, na miongoni mwa wenzao asilimia 43, na presha yao nayo ilikuwa chini zaidi. Ujumbe mtupu, katika simu za kawaida!

Sisemi simu itatia stenti. Na maumivu ya kifua, pumzi kukatika au jasho la baridi ni mambo ya kukimbilia hospitali saa ileile. Lakini kumtoa mtu Kigoma, zaidi ya kilometa 1,200, hadi Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, Dar es Salaam, ili aulizwe tu presha yake ya juma na kama dawa anazinywa, ni kumchosha bure mtu ambaye moyo wake ndio kwanza unapona.

Basi wewe uliye na mgonjwa wodini, usikubali kutoka naye kabla hujaandikiwa nambari ya simu na jina la atakayeipokea.