Tusimkimbize malkia

Juma hili tuzungumze juu ya sataranji, mchezo ambao watoto wetu wanauita kwa Kifaransa échecs. Wengi wetu tunadhani ni mchezo wa wanaume wenye nafasi. Si hivyo. Ng'ambo ya Ziwa Albert, Uganda, Phiona Mutesi alikuwa binti wa mama mjane anayeuza mahindi huko Katwe, Kampala. Alifundishwa na Robert Katende, aliyewapa watoto uji pamoja na somo. Mwaka 2012, kwenye Olimpiadi ya sataranji huko Istanbul, alipata cheo cha kimataifa.

Hapa Bunia, siku masomo yanaposimama kwa sababu ya usalama, mtoto anahitaji kitu cha kushika akili yake. Kipande cha karatasi ngumu chenye miraba 64 na vifuniko 32 vya chupa vyatosha. Andika jina la kete juu ya kila kifuniko.

Mwanzo wa mchezo ndipo wanaojifunza wanapoangukia. Tushike mambo matatu:

1. Askari wa katikati watangulie. Yule aliye mbele ya mfalme asogee miraba miwili.

2. Farasi na maaskofu watoke mapema. Usichezeshe kete moja mara mbili wakati nyingine zimelala.

3. Mfalme afichwe upande wa ngome yake kabla vita havijawaka.

Kosa kubwa ni kumtoa malkia mbio. Mtoto anapenda kufanya hivyo kwa sababu ana nguvu kuliko kete zote, lakini wadogo watamfukuza huku na huku, na kila anapokimbia mwenzako anapata nafasi ya kutoa kete nyingine.

Wapo wanaomtoa ili kumaliza mchezo kwa hatua nne. Malkia anakwenda ukingoni mwa ubao, askofu anamsaidia, wote wakimlenga askari anayelindwa na mfalme peke yake. Ukiwa mweusi, usiogope. Kwanza toa farasi wa upande wa malkia, amlinde askari wako wa katikati. Askofu wake akishatoka, msukume mraba mmoja yule askari aliye mbele ya farasi wako wa pili. Malkia atalazimika kurudi. Akirudi kulenga palepale, toa farasi wa pili amzibie njia.

Kosa lingine ni mkono kutangulia macho. Kete ikiguswa, sheria inasema ichezwe. Basi kabla ya kugusa, mtoto ajiulize: mwenzangu anatafuta nini?

Ombi letu ni moja. Kaka anapoketi kwenye ubao, dada asiachwe na vyombo peke yake. Waoshe pamoja, wacheze pamoja. Na mama naye aketi, hata kama mtoto atamshinda. Katika vikundi vyenu juma hili, choreni ubao mmoja, mjaribu hatua hizi tatu pamoja na binti zenu.