Irimu na Centaur

Ndugu zetu Wakristo wa Moshi, Machame, Kilema na Marangu, liko neno ambalo hatuwezi tena kulinyamazia. Wako wazee wa kanisa wanaowakataza akina bibi kuwasimulia wajukuu habari za irimu, yule zimwi wa Kichaga aliye mtu kwa sura na chui kwa tabia. Wasema ni mambo ya giza. Lakini mtoto yule yule akileta kitabu chenye picha ya Centaur wa Wayunani, aliye mtu toka kiunoni kwenda juu na farasi kwenda chini, baba humsifu kwamba ana elimu! Twauliza: mnyama huyo wa Wayunani alibatizwa lini?

Homer alimtaja Chimaera, mbele simba, katikati mbuzi, nyuma nyoka, apumuaye moto. Wala watu wa kale hawakuyasadiki yote. Lucretius, mshairi wa Kirumi aliyeishi kabla ya Bwana wetu kuzaliwa, alikana kwamba Centaur alipata kuwako: farasi wa miaka 3 amekwisha pevuka, na mtoto wa binadamu wa umri huo angali akitafuta ziwa la mamaye hata usingizini, basi viwili hivyo vitakuaje katika mwili mmoja? Tena moto huunguza nyama ya simba kama nyama nyingine yo yote. Hata hivyo hadithi hazikutupwa.

Sisi nasi hatusemi kwamba irimu yupo. Mtu akimnyoshea jirani kidole, kwamba ndiye chui aliyemchukua mbuzi wake usiku, huyo asema uongo, na kanisa limkemee vikali. Bali bibi aketiye motoni hamshitaki mtu. Asimulia juu ya binti aliyedharau shauri la wazazi, akaolewa na mgeni mzuri wa uso, kumbe ni zimwi. (Wakikuyu huongeza kwamba ana kinywa cha pili kisogoni.) Baba gani mwenye binti asiyetaka asikie hayo?

Na Danieli je? Aliona simba mwenye mabawa ya tai, na chui mwenye vichwa vinne. Yale ni maono, hizi ni hadithi, twajua; lakini umbo la ajabu peke yake si dhambi.

Mchungaji Bruno Gutmann wa Misheni ya Leipzig, aliyefika Kilimanjaro mwaka 1902, alizisikiliza hadithi zetu akaziandika, na mwaka 1914 zikapigwa chapa Leipzig kwa Kijerumani. Mgeni, tena mchungaji, aliona faida. Mwenye kihamba aona aibu. Je, mjukuu asiyezisikia jikoni kwa Kichaga akazitafute kwa Kijerumani?

Wazee na watuonyeshe aya imkatazayo bibi. Wasipoiona, wamwache aseme mwezi huu wa Desemba, wajukuu wakiwa wamepanda kutoka mijini.