Kijana mwenye beji si mfuko wa msaada, ni mtoto wa watu

LIKASI, Haut-Katanga – Katika makomini yote manne ya mji huu, yaani Likasi, Kikula, Panda na Shituru, wakaaji wamezoea kuwaona. Ni vijana wawili wawili, shati jeupe, tai shingoni, beji nyeusi kifuani. Wasichana nao huvaa sketi ndefu na beji ileile. Wanatembea kwa miguu katika vumbi la kiangazi na katika matope ya kipindi cha mvua, wanapiga hodi, wanasalimia kwa Kiswahili kinachokwamakwama, halafu wanaomba dakika chache.

Maswali yanayowafuata barabarani mara nyingi hayahusu Mungu. Watu wanauliza: Wameleta nini? Wanaandika majina ya msaada? Nani atapelekwa Marekani? Katika nyumba ambamo jamaa mbili zilizohama zinakaa chumba kimoja, maswali hayo yana uzito. Mtu aliyepoteza shamba na nyumba hana muda wa kucheza na matumaini. Ndiyo sababu jambo hili linafaa kusemwa wazi: kijana huyo hana msaada wa kugawa, na hakuna jamaa inayopaswa kubatizwa ili ipate kula.

Ni nani hawa?

Ni wamisionari wa Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, lile ambalo watu wengi wanaliita la Wamormoni kwa sababu ya Kitabu cha Mormoni. Kanisa hili lilitambuliwa rasmi nchini mwaka 1986, wakati nchi ingali inaitwa Zaire. Misheni ya Lubumbashi ilianzishwa mwaka 2010, na mwaka 2019 hekalu lao la kwanza nchini lilifunguliwa Kinshasa. Kwa hiyo si kanisa lililoshuka jana.

Si wote ni Wazungu, na si wote ni watu wa nje. Wamo Wakongomani waliotoka mikoa mingine, na wamo Waafrika wa nchi nyingine. Wavulana wanaweza kuanza wakiwa na miaka 18, na wanatumika miaka miwili. Wasichana wanatumika miezi 18. Beji ya mvulana inasema Elder, maana yake mzee, na hapo wazee wa Kikula wana haki ya kucheka, kwa kuwa mzee huyo mara nyingi ana umri wa mjukuu wao. Hakuchagua Likasi. Alipokea barua iliyomwambia aende wapi na aanze lini.

Hapati mshahara. Yeye mwenyewe na jamaa yake wanachangia kadiri wanavyoweza, na pale jamaa isipoweza, mfuko wa kanisa unajazia. Anapewa kiasi cha mwezi cha chakula na usafiri. Kanuni zao zinawakataza kukopesha wala kukopa pesa. Anayemwona kijana huyo kama benki inayotembea amekosea mlango.

Siku yao inavyokwenda

Kwa kanuni yao, siku inaanza saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Wanafanya mazoezi ya mwili, wanakula, halafu wanasoma: kwanza kila mtu peke yake, kisha wawili pamoja. Anayetoka nchi isiyo ya Kiswahili anaongeza somo la lugha. Hata aliyesoma Kiswahili cha vitabuni anafika hapa na kugundua kwamba watu wanakula bukari, si ugali, na kwamba katika ua mmoja anaweza kujibiwa kwa Kisanga, Kibemba, Tshiluba na Kifaransa kabla ya kupewa kiti.

Baadaye ni barabara. Umeme ukikatika, shati linavaliwa bila pasi. Bomba likikauka, wanabeba ndoo kama jirani. Wanatembea kando ya malori yanayobeba shaba kati ya Kolwezi na Lubumbashi. Milango mingi haifunguki. Mingine inafunguka kwa heshima tu. Wakipewa chai au kahawa wanakataa, wakipewa lutuku wanakataa zaidi, na mama wa nyumba asiyejua kanuni yao anaweza kudhani amedharauliwa. Hajadharauliwa, maji safi yanatosha. Saa tatu usiku wanapaswa kuwa wamerudi, na saa nne na nusu taa inazimwa.

Hatembei peke yake hata siku moja. Mwenzake anachaguliwa na kiongozi wa misheni, na baada ya majuma kadhaa anaweza kubadilishiwa mwenzake au mji. Hana mchumba wa kutembea naye, haendi kwenye filamu wala kwenye baa. Siku moja kwa juma ni ya kufua nguo, kwenda sokoni na kuwasiliana na nyumbani. Zamani aliruhusiwa kupiga simu nyumbani mara mbili tu kwa mwaka, Noeli na Siku ya Mama. Tangu Februari 2019 anaweza kuongea na wazazi kila juma. Mzazi yeyote anaelewa tofauti hiyo.

Mlango ni kitu kimoja, mfuko ni kingine

Likasi inajua habari za watu wanaofika bila kuchagua. Mwaka 1992 na 1993, maelfu ya watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa nyumbani kwao, wakalala kwenye kituo cha reli cha mji huu wakingoja treni. Wengi hawakufika walikokwenda. Miaka ya baadaye, vita vya Mai-Mai katika pembe tatu ya Manono, Mitwaba na Pweto vilihamisha watu wengi sana katika Katanga, na tangu 2016 machafuko ya Kasai yalitawanya wengine.

Kwa sababu hiyo wapo wanaosema mmisionari kijana na mhamaji ni ndugu, kwa kuwa wote wako mbali na kwao. Neno hilo ni tamu, lakini ni nusu ya ukweli. Aliyetumwa ana tarehe ya kurudi, ana nyumba iliyolipiwa, na ana mtu wa kumpigia simu akiugua. Aliyekimbizwa na vita hana tarehe. Hawa wawili wanapokutana mlangoni, nguvu zao hazilingani hata kama wote wana viatu vyenye vumbi. Mwenye njaa anaweza kusema “ndiyo” kwa sala, kwa somo na hata kwa maji ya ubatizo, huku moyoni anangoja unga. Atakapoona unga haukuja, ataona aibu, na kijana atabaki na jina katika daftari lisilo na imani nyuma yake. Wote wawili watakuwa wamepoteza kitu.

Kuna watakaouliza: mtu mwenye njaa anaachiwaje kitabu tu? Swali hilo ni la haki. Lakini jibu haliwezi kuwa kijana wa miaka 19 anayechagua peke yake nani ale na nani alale njaa. Akimpa mmoja leo, kesho ua mzima utamngoja, wivu utaingia, na usalama wake mwenyewe utapungua. Msaada wa kanisa hilo una njia yake: askofu wa kata yao kwa waumini, na kazi za kibinadamu kwa watu wa dini zote. Wajibu wa kijana ni kufikisha habari kwa wakubwa wake pale anapokuta watoto wasiokula, bila kuuliza kwanza wanasali wapi.

Viongozi wa kanisa hilo hapa mjini, na wa makanisa mengine pia, wana neno la kusema. Waseme mbele ya watu wote, kwa Kiswahili kinachoeleweka sokoni, kwamba ubatizo hauuzwi kwa gunia la unga. Wasihesabu waumini wapya kati ya watu waliofika juzi na mabunda kichwani. Mtu apewe muda apumzike, apate mahali pa kulala, kisha achague akiwa na akili tulivu. Imani ya namna hiyo ndiyo inayodumu.

Kwa jamaa zilizohama

Kuna mambo machache ya kushika. Mmisionari haandiki orodha ya msaada. Mambo hayo yaulizwe kwa wakubwa wa mtaa na kwa mashirika yanayojulikana. Mtu yeyote, wa kanisa lolote, anayedai sadaka, ubatizo au uanachama kabla ya kutoa msaada, asikubaliwe, na habari zake zifikishwe kwa viongozi. Mtoto aliye chini ya miaka 18 hawezi kubatizwa katika kanisa hilo bila ruhusa ya wazazi au walezi wake. Mzazi ana haki ya kusema hapana, na asitishwe. Hata aliyesikiliza masomo yote bado yuko huru kusema hapana.

Vipo pia vitu ambavyo vijana hawa wanaweza kutoa kweli. Wana mikono na wana saa. Wanaweza kubeba matofali, kuteka maji, kufyeka ua wa mama mzee. Mahali pengi duniani wamisionari wa kanisa hili wanafundisha Kiingereza bila malipo, na katika mji wa migodi ambako kampuni za kigeni zinapita kila siku, lugha hiyo si kitu kidogo. Kuwaomba kazi ya mikono si kuomba sadaka, na jirani yeyote anaweza kumwomba jirani yake hivyo.

Wakaaji wa zamani wa Likasi nao wakumbuke kwamba barabara hii ina pande mbili. Vijana wa Kongo nao wanapokea barua na kupelekwa mbali, wengine Côte d'Ivoire, wengine Madagaska. Huko nako wanapiga hodi kwa lugha inayokwamakwama, na huku nyuma mama yao anaomba wasifunguliwe mbwa. Neema anayotaka mwanawe aipate kwa wageni, mama huyo hawezi kumnyima mtoto wa mwenzake.

Basi anayetaka kuwapokea awape kiti na maji ya kunywa. Asiyetaka awakatae kwa adabu, bila tusi na bila kuwatuma watoto wawarushie mawe. Na mwenye njaa aseme wazi kwamba ana njaa, bila kuahidi ubatizo ambao moyo wake haujautaka.