Umeipakua, lakini si yako

Kila Desemba, mabasi ya mikoani yanapoanza kujaa, watu hujibanza kwenye Wi-Fi ya ofisini au ya hosteli wakipakua filamu za kwenda nazo nyumbani. Katuni za watoto, tamthilia ya dada, sinema mbili tatu za mapigano kwa ajili ya wajomba. Ikifika asilimia mia, mtu anatia simu mfukoni akiamini kwamba anazo. Mtandao ukatike, bando liishe, yeye anazo. Imani hiyo ni ya uongo. Inakula fedha zetu, inakula bando letu, na tusipoangalia itakula hata filamu zetu wenyewe.

Unapobonyeza kile kishale cha kupakua, kinachoingia kwenye simu ni faili lililofungwa kwa ufunguo, na ufunguo unabaki kwa mwenye huduma. Anakuazima kwa masharti yake. Netflix iliporuhusu kupakua mwishoni mwa mwaka 2016, watu walishangilia. Leo masharti yake ni haya: filamu nyingine hukaa siku saba tu, nyingine hufungwa saa 48 baada ya kuanza kuitazama, na zipo ambazo zina kikomo cha kupakuliwa kwa mwaka. Prime Video nayo ina saa zake. Ukisitisha malipo, zote zinaondoka kwa pamoja. Ipekue simu kabla hazijaondoka, utalikuta faili lenyewe na uzito wake wote, limekalia nafasi ambayo ungewekea picha za harusi ya mdogo wako. Lihamishie kwenye kompyuta ulifungue kwa programu ya VLC. Hakuna picha, hakuna sauti.

Mwenye faiba ya nyumbani atasema hili ni jambo dogo: muda ukiisha unabonyeza kuhuisha, kisha unaendelea. Ni kweli kwake, maana mtandao anao. Lakini mwenye faiba ana haja gani ya kupakua? Anayehitaji kupakua ni yule anayekwenda Ludewa au Turkana, mahali ambapo mnara uko mbali na simu inapata vijistari viwili ukipanda mlimani. Huyo ndiye anayeambiwa aunganishe intaneti kwanza ili athibitishwe. Huduma iliyotangazwa kuwa mkombozi wa mtu asiye na mtandao inamwadhibu kwa kutokuwa na mtandao.

Tuje sebuleni, kwa sababu tunazungumzia kutazama nyumbani. Katika nyumba nyingi za kwetu filamu hutazamwa na watu sita au saba kwa televisheni moja, wakubwa kwenye makochi na watoto kwenye mkeka. Kifurushi cha Netflix cha bei ya chini kabisa, kile cha simu, hakiruhusu televisheni. Unapakua ukiwa na simu au tableti, na programu yake ya kwenye televisheni haina pa kupakulia. Palikuwa na njia ya kupitia kompyuta ndogo: unapakua humo, unachomeka waya wa HDMI, nyumba nzima inatazama. Mwaka 2024 Netflix ilibadilisha programu yake ya Windows na kuondoa kabisa uwezo wa kupakua. Kilichobaki ni filamu ya familia iliyofungiwa kwenye kioo cha inchi sita, watoto wanne wakigombea nani ashike simu.

Hata hivyo, kila ukisoma mtu akilinganisha huduma hizi utakuta amepanga vitu viwili: bei ya mwezi na wingi wa filamu. Shilingi ngapi, filamu ngapi, basi. Mlinganisho wa namna hiyo unampotosha msomaji, na ninashangaa unavyorudiwa bila haya. Chukua bando peke yake. Kwa maelezo ya Netflix yenyewe, ubora wa kati hula hadi GB 0.7 kwa saa, na HD hula hadi GB 3. Kwa kipimo hicho, filamu ya saa mbili inaweza kufika GB 1.4 kwa ubora wa kati na GB 6 kwa HD. Msimu wa tamthilia wenye sehemu kumi za saa moja unakaribia GB 7 kwa huo ubora wa kati tu. Kwa anayeishi kwa vifurushi vya simu, hiyo ndiyo bei yenyewe, na ada ya mwezi ni nyongeza. Mtu akilipia mwezi mmoja, akaruka wa pili kwa sababu ya ada za shule, akarudi wa tatu, GB zile zile anazinunua tena kwa katuni ile ile. Watanzania wanajua uzito wa jambo hili: Aprili 2021 vifurushi vilipopanda bei, kelele zilikuwa kubwa hata serikali ikasitisha bei mpya.

Na hiyo HD unayolipia, je, simu yako inaipokea? Huduma nyingi kubwa hutumia kufuli la Google liitwalo Widevine. Simu yenye kiwango cha chini cha kufuli hilo, yaani L3, haipewi HD hata kama kioo chake kinaiweza na kifurushi kimelipiwa. Simu nyingi za bei nafuu ziko kwenye kiwango hicho. Sijawahi kuona bango la huduma hizi linalomwambia mteja aangalie kwanza simu yake iko kundi gani.

Wapo watakaosema: basi tuache kukodi, tununue. Ukibonyeza kununua na ukalipa bei kamili, filamu ni yako. Hapo ndipo imani hii ilipowaumiza watu zaidi. Mwaka 2007 Google ilifunga duka lake la Google Video na kuwatangazia wateja kwamba video walizonunua hazitafunguka tena. Mwanzoni iliwapa salio la kutumia kwa wafanyabiashara waliopokea malipo kupitia Google, na ni baada ya watu kupiga kelele ndipo ikarudisha fedha zote. Mwaka 2022 wateja wa PlayStation nchini Ujerumani na Austria waliarifiwa kwamba mamia ya filamu za StudioCanal walizokwisha nunua zingetoweka kwenye maktaba zao ifikapo Agosti 31, kwa sababu mkataba baina ya kampuni mbili umebadilika. Mteja hakuwa sehemu ya mkataba huo. Aprili 2024 Funimation, huduma ya katuni za Kijapani, ilifungwa, na nakala za kidijitali ambazo wateja walikuwa wameahidiwa kuwa ni za kudumu zikaenda nayo.

Hawa hawakuwa matapeli wa vichochoroni. Ni kampuni kubwa, na zilikuwa zinafuata masharti ambayo mteja aliyakubali bila kuyasoma.

Kuna hoja moja ninayoiheshimu: watu wengi hutazama filamu mara moja na kuisahau, kwa nini wahangaike na kumiliki? Sawa kabisa. Anayetaka kutazama mara moja akodi, alipe bei ya kukodi, na aambiwe waziwazi kwamba amekodi. Kinachonikera ni kukodisha kwa bei ya kuuza. Jimbo la California limeanza kuliona: sheria iliyoanza kutumika Januari 1, 2025 inamkataza muuzaji wa bidhaa za kidijitali kumwambia mteja kwamba ananunua, ikiwa anachopewa ni leseni inayoweza kufutwa, mpaka amweleze hivyo wazi. Na sheria hiyo haimbani muuzaji anayekukabidhi faili la kudumu ambalo hawezi tena kulizuia. Tume ya Ushindani hapa Tanzania na Mamlaka ya Ushindani kule Kenya zina sababu zote za kudai jambo hilo hilo, kwa Kiswahili, kwenye ukurasa ule ule wa malipo.

Wakati tukisubiri, yuko mtu anayezishinda kampuni zote hizo kibiashara, na tunajifanya hatumwoni. Ni kijana wa laibrari ya muvi, awe Mbagala au Kawangware, mwenye kompyuta moja na kibao cha majina ya filamu mlangoni. Mama anaingia na flashi yake. "Shikamoo mama. Nikuwekee zilizotafsiriwa au za Kiingereza?" Anataka zilizotafsiriwa, zenye sauti ya msimuliaji juu ya picha, kazi iliyompa jina Lufufu hapa Dar es Salaam na DJ Afro kule Kenya. Dakika chache flashi imejaa. Mama anafika nyumbani, anaichomeka nyuma ya televisheni, familia nzima inatazama. Watoto watairudia mpaka waimbe maneno yake. Mwezi ujao bado ipo. Jirani akiiomba, anapewa.

Kijana huyo hamlipi msanii hata senti. Ni wizi, sheria za hakimiliki za nchi zote mbili zinasema hivyo, na simtetei. Lakini tunajidanganya tukidhani anashinda kwa bei peke yake. Anauza bidhaa iliyo bora: inafunguka popote, haina tarehe ya kufa, inakaa sebuleni panapotazamwa filamu. Mteja mwaminifu, aliyelipa ada na bando, ndiye anayepewa kitu kilichofungwa pingu. Mpaka mteja halali apewe angalau kile anachopewa mteja wa flashi, kampeni zote za kupiga vita uharamia zitaendelea kuwa mabango tu.

Nina sababu nyingine ya kulishikilia jambo hili, nayo ni kubwa kuliko bando. Miaka ya 1960 na 1970 shirika la BBC la Uingereza lilikuwa likifuta kanda zake ili zitumike tena, na humo zikapotea sehemu nyingi za tamthilia yake maarufu, Doctor Who. Oktoba 2013 lilitangaza kwamba sehemu tisa zilizodhaniwa zimetoweka zimepatikana. Zilikuwa Jos, Nigeria, zimehifadhiwa kwenye kituo cha televisheni. Mwenyewe kule London alikuwa amekwisha kuzifuta, na zilisalimika kwa kuwa nakala zake zilikuwa mahali ambapo mkono wake haukufika. Sasa fikiria filamu ambayo kila nakala yake duniani iko mikononi mwa mwenyewe. Mei 2023 Disney ilitoa filamu ya Crater kwenye huduma yake, na kabla Juni haijaisha ikaiondoa. Country Queen, tamthilia ya Kenya ya mwaka 2022 iliyozungumza Kiswahili na Kikamba mbele ya dunia, ilitoka Netflix, na aliyeitazama huko hana nakala. Aliyenunua diski ya filamu ya Steven Kanumba kabla mwigizaji huyo hajafariki Aprili 2012, na akaitunza, anaweza kuiweka leo usiku na mwanawe akamwona Kanumba akiigiza. Watoto wa leo watawaonyesha nini watoto wao, ikiwa kila kitu tunachotazama kinaweza kufutwa ofisini kwa mtu?

Nitaambiwa kwamba faili lisilo na kufuli ni kujiua kwa mtayarishaji. Wenye muziki walisema hivyo hivyo, lakini mwaka 2009 iTunes iliondoa kufuli kwenye nyimbo zake na watu wakaendelea kununua. Mwaka 2011 mchekeshaji wa Marekani Louis C.K. aliuza onyesho lake kwenye tovuti yake mwenyewe kwa dola 5, faili wazi kabisa, na katika muda usiofika wiki mbili likaingiza zaidi ya dola milioni moja. Filamu ya Bongo haitafika huko, najua. Ila filamu hiyo tayari imo kwenye flashi wiki ileile inayotoka, kwa hiyo kufuli halimlindi mtayarishaji wetu na chochote.

Kwa hiyo ombi langu kwa watayarishaji wa Kinondoni na wa Nairobi ni hili. Filamu ikishamaliza mzunguko wake kwenye majumba ya sinema na ving'amuzi, iwekeni sokoni kama faili la kawaida la MP4, moja la ubora mdogo kwa mwenye bando dogo na jingine la televisheni. Malipo yapite kwenye M-Pesa au Airtel Money, kiungo kije kwa ujumbe. Na yule kijana wa laibrari mfanyeni wakala. Apewe kamisheni kwa kila flashi anayoijaza kihalali, kama anavyopewa muuza vocha, maana yeye ndiye anayewajua wateja wa mtaa mzima kwa majina, na anajua nani anataka iliyotafsiriwa.